Gesi Baharini (Sehemu ya Pili): Bandari ya Klaipėda na Muuzaji Mmoja

Tarehe 27 Oktoba 2014, meli yenye urefu wa karibu mita 300 iliingia Klaipėda, bandari ya Lituania kwenye Bahari ya Baltiki. Watu walijaa ufukweni kuilaki, na Rais Dalia Grybauskaitė alikuwa miongoni mwao. Meli hiyo, Independence, iliundwa na Hyundai huko Ulsan, Korea Kusini, na nchi iliikodi kwa miaka 10 kutoka kampuni ya Höegh LNG ya Norwei. Ilifungwa gatini, na ipo pale hadi leo.

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi gesi asilia inavyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ikawa kimiminika na ujazo wake kupungua mara 600 hivi. Independence hufanya kazi ya kinyume. Meli ya shehena hujipanga ubavuni mwake na kumimina gesi hiyo baridi katika matangi yenye nafasi ya mita za ujazo 170,000. Kisha pampu huisukuma kwa shinikizo kubwa hadi kwenye mitambo ya kuipasha joto, ambayo katika meli za aina hii kwa kawaida hutegemea maji ya bahari. Kimiminika hurudi kuwa gesi, ikaingia kwenye bomba na kwenda nchi kavu. Maji yaliyotumika hurudi baharini yakiwa baridi zaidi, na mara nyingi yakiwa na klorini ya kuzuia viumbe wasiote ndani ya mabomba. Huko Wilhelmshaven, Ujerumani, penye kituo kingine kinachoelea, wanamazingira waliipinga klorini ya aina hiyo kwa nguvu, na hoja yao haistahili kupuuzwa.

Kwa nini nchi yenye watu wasiozidi milioni 3 ijitwishe mzigo huo? Lituania ilikuwa ikinunua gesi yake yote kwa Gazprom ya Urusi. Kinu cha nyuklia cha Ignalina kilipozimwa mwisho wa mwaka 2009, utegemezi ukazidi. Walituania walilipa bei ya juu kuliko Wajerumani, ingawa Wajerumani wako mbali zaidi na visima vya Urusi. Mnunuzi asiye na mlango wa pili hana la kujadili.

Mlango huo ulianza kuleta faida kabla haujafunguliwa. Mei 2014, meli ikiwa bado haijawasili, Gazprom ilikubali kupunguza bei kwa takriban sehemu moja ya tano. Aprili 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Lituania ilitangaza kwamba haichukui tena gesi ya Urusi hata kidogo, ikiwa ya kwanza katika Umoja wa Ulaya kufanya hivyo. Majirani nao hupata gesi iliyoshushwa Klaipėda kupitia mabomba.

Gharama ilikuwepo, tena kubwa. Watumiaji walitozwa nyongeza maalumu kulipia kituo, na Achema, kiwanda cha mbolea ambacho ndicho mlaji mkubwa wa gesi nchini humo, kilipeleka malalamiko hadi mahakama ya Umoja wa Ulaya. Mkataba wa kukodi ulipoisha mwaka 2024, Lituania iliinunua meli yenyewe.

Kinachovutia serikali nyingi katika vituo vinavyoelea kama hiki ni wepesi wa kuanza. Kituo cha nchi kavu, pamoja na matangi yake, huchukua miaka kujengwa. Wilhelmshaven ilijenga gati lake kwa siku zisizofika 200, na kituo kikazinduliwa tarehe 17 Desemba 2022.

Hata hivyo, mlango wa pili unahitaji pesa mkononi. Pakistani ina vituo viwili vinavyoelea Port Qasim, karibu na Karachi. Cha kwanza kilianza mwaka 2015. Mwaka 2022 Ulaya ilipozikimbilia shehena za gesi, bei zilipaa, na baadhi ya wauzaji waliofunga mikataba na Pakistani wakashindwa kuleta walichoahidi. Julai mwaka huo serikali ilitangaza zabuni ya shehena 10. Hakuna hata muuzaji mmoja aliyejitokeza. Meli zilikuwepo gatini, mabomba yalikuwepo, na bado umeme ulikatwa kwa saa nyingi majumbani na viwandani.

Sehemu ya tatu itahamia upande wa muuzaji, kwa jirani wa Mtwara: mtambo wa Coral Sul, unaoelea katika bonde la Rovuma nchini Msumbiji na kuisindika gesi hukohuko baharini, uliosafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022.