Pesa Imekatwa, Tokeni Haijaja: Kweli au Si Kweli?

Uniti za umeme zimeisha saa mbili usiku Itiryo, kule Tarime. Mwenye nyumba analipia LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa simu, pesa inakatwa, halafu kimya. Tokeni, yaani zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, haionekani. Hapo kila aliye karibu anageuka mtaalamu, na mengi yanayosemwa hayana ukweli.

"Pesa imekatwa, tokeni haijaja: mfumo umevunja ahadi." Hili si kweli wala si uongo, inategemea ahadi yenyewe imeandikwaje. Mwaka 1977 Amir Pnueli, mwanasayansi wa kompyuta wa Israel, alipendekeza programu zielezwe kwa mantiki ya wakati. Kwa mantiki hiyo unaweza kuandika: kila ombi likija, hatimaye litajibiwa. Ni sentensi nzuri, ila ina kasoro moja: haivunjiki. Subiri dakika tano, utaambiwa jibu linakuja. Subiri wiki, utaambiwa hivyo hivyo. Programu mwangalizi, ile inayokaa pembeni ikifuatilia maombi na majibu mfumo ukiwa kazini, haiwezi kupiga kengele kwa sababu kesho bado ipo. Wala haiwezi kutangaza kwamba ahadi imetimia moja kwa moja, maana ombi jingine linaweza kuingia sasa hivi. Ndiyo maana watafiti wa programu waangalizi wakaongeza hukumu ya tatu kando ya "imetimia" na "imevunjwa": bado.

Sasa andika: kila ombi lijibiwe ndani ya sekunde 60. Ikifika sekunde ya 61 bila jibu, kosa limethibitika na hakuna wa kubishana. "Haraka iwezekanavyo", maneno yanayopendwa sana maofisini, hayampi mwangalizi kitu cha kupima.

"Jibu lisipofika, basi ombi halikufanyiwa kazi." Si kweli. Huenda ombi lilipotea njiani, huenda seva imekwama, au tokeni ilishatoka na meseji ndiyo iliyopotea. Kwa aliyeshika simu Itiryo, yote matatu yanafanana. Kwa hiyo mwangalizi hana budi kuona zaidi ya sehemu moja ya safari, na kulinganisha kila ombi na jibu lake kwa namba ya muamala. Kuhesabu peke yake kunadanganya: maombi 100 na majibu 100 yanaweza kuficha mteja mmoja aliyejibiwa mara mbili na mwingine ambaye hakujibiwa kabisa.

"Nunua tena, ombi la kwanza litajifuta." Uongo mtupu, na una gharama. Ukilipa upya umetuma ombi jipya lenye namba mpya. Unaweza kuishia na malipo mawili. Mambo ni tofauti pale programu yenyewe inapotuma tena ombi lile lile kwa namba ile ile: mfumo uliojengwa vizuri hulitambua na kutoa jibu lile lile, bila kukata pesa mara ya pili.

"Mfumo uliojaribiwa vya kutosha hauhitaji mwangalizi." Si kweli. LUKU ilikuwa imetumika kwa miaka mingi, lakini Mei 2021 ununuzi wake ulikwama kwa siku kadhaa, na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Majaribio hukuonyesha yale tu uliyofikiria kuyajaribu.

"Mwangalizi akiona kosa, pesa inarudi." Hapana. Yeye hutoa taarifa tu. Kurudisha pesa ni ombi jingine, nalo linahitaji ukomo wake wa muda.

Yakikukuta, usikimbilie kulipa tena. Angalia salio, tunza meseji yenye namba ya muamala, piga huduma kwa wateja, kisha uwaulize jibu litatoka saa ngapi. Wakikwambia "subiri", waombe wataje saa.