Pesa ya Njia: Simu Inavyomsaidia Mwenye Lori Kutoka Bandarini Hadi Malaba

Ukipita barabara ya Mombasa usiku utakuta trela zimefuatana taa kwa taa, kuanzia Mariakani, Voi, Mtito Andei hadi Mlolongo. Wengi wetu tukiziona tunawaza tu tutazipita vipi. Lakini ndani ya kila moja kuna hesabu inayoendelea: dereva amebakiwa na shilingi ngapi, dizeli itamfikisha wapi, na tajiri wake aliye nyumbani atajuaje kama mzigo uko salama.

Wateja wetu wenye malori huja na swali moja wakiliuliza kwa njia nyingi. Nikimtumia dereva pesa, nitajuaje imefanya kazi niliyoituma?

Tuchukue mfano. Una lori moja, umelinunua kwa mkopo. Umepata kontena la kupeleka Kampala kutoka bandari ya Mombasa. Mpaka Malaba peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Tuseme gari likiwa na mzigo linakula lita moja kwa kila kilomita 2. Hizo ni lita 450 na zaidi kabla hujavuka mpaka. Weka chakula cha dereva na utingo, maegesho ya usiku, na tairi ambalo halikuambii litapasuka lini. Zamani pesa hiyo yote ilitoka kwa tajiri ikiwa ndani ya bahasha. Bahasha ikiisha Salgaa, safari imekwama Salgaa. Na kila mtu barabarani alijua dereva wa trela anatembea na noti, kwa hivyo hata usalama wake ulikuwa mashakani.

Huduma za pesa kwa simu zilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, bahasha ilianza kupotea. Shida ni kwamba wengi bado wanafanya ile kitu ya zamani kwa simu. Wanamtumia dereva pesa ya safari nzima kwa mkupuo mmoja, halafu wanabaki kumpigia simu kila saa kumuuliza amefika wapi. Hiyo bado ni bahasha, ila imeingia kwenye laini.

Njia tunayoipendekeza ni kuigawa pesa kulingana na safari. Dizeli ilipe wewe mwenyewe. Dereva akifika kituoni anakupigia, anakutumia picha ya pampu, nawe unalipa moja kwa moja kwa namba ya till ya kituo. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama ni jina la mtu badala ya la kituo, simama hapo na uulize. Mwambie dereva adai risiti iliyoandikwa namba ya gari, kwa sababu ujumbe wa malipo unaonyesha pesa imeingia kituoni, hauonyeshi imeingia kwa tangi la nani.

Pesa ya njia ya dereva ni kitu kingine kabisa, itume kivyake. Hiyo ni ya kula, kulala na kuoga. Usimdai risiti ya kila chapati. Na hapa tuseme ukweli hata kama hautawafurahisha matajiri wote: dereva aliyeachwa siku mbili kwenye foleni ya mpaka bila pesa ya chakula ndiye wa kwanza kushawishika kuuza dizeli kando ya barabara. Ukiokoa shilingi mia tano kwa tumbo lake, unaweza kuipoteza mara kumi kwa tangi lako.

Je, traka? Kifaa cha GPS kitakuonyesha gari liko wapi, na kikiwa na kipimo cha tangi kitakuonyesha mafuta yakishuka ghafla gari likiwa limesimama. Hakitakuambia kwa nini limesimama. Inaweza kuwa ni ajali mbele, inaweza kuwa dereva amechoka na amefanya jambo la busara akalala. Piga simu kwanza kabla ya kumrukia.

Mizigo inayopita Kenya kwenda nchi nyingine ina mfumo wake. Tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo, RECTS. Kontena hufungwa sili ya kielektroniki, na sili ikichezewa au gari likitoka kwenye njia iliyoruhusiwa, wanaofuatilia kwenye skrini wanapata taarifa. Kwa hivyo usimwambie dereva mwenye sili “pitia hapo kijijini uchukue mzigo kidogo.” Ni kosa lako litakalomshika yeye. Kwenye mizani pia, Mariakani, Athi River, Gilgil au Webuye, simu haitakuokoa ukizidisha uzani. Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari na mzigo wake, na si kila trela inaruhusiwa kufika hapo. Inategemea idadi ya ekseli.

Sasa kuna hasara ambayo watu hawaihesabu: kurudi tupu. Umelipwa kwenda, unarudi na dizeli ya mfuko wako. Ndiyo maana zikaja kampuni za kuunganisha malori na mizigo kwa mtandao, kama Lori Systems iliyoanza hapa Kenya mwaka 2016 na Kobo360 ya Nigeria. Zinasaidia, ila usiweke kazi yako yote sehemu moja. Sendy, iliyokuwa na makao Nairobi, ilisimamisha kazi mwaka 2023, na aliyekuwa akiitegemea peke yake ilibidi arudi kutafuta wateja upya.

Kwenye kutafuta mzigo wa kurudi ndiko walaghai wamejificha. Mtu anaweka tangazo kwenye kikundi cha WhatsApp, ana mzigo Kampala, malipo ni mazuri kuliko ya wengine wote, lakini kwanza utume “pesa ya kushikilia nafasi.” Ukituma, namba inazimwa. Broka wa kweli hukata chake mzigo ukishapatikana. Nawe mwenye mzigo, usipakie gari usilolijua kwa kuangalia namba iliyobandikwa tu, maana namba hubandikwa juu ya namba. Tafuta rekodi ya gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, uone mwenyewe ni nani, halafu ulinganishe na jina linalotokea ukitaka kumlipa. Yasipolingana, apige simu mwenye gari akueleze kwa nini.

Malipo ya usafiri yenyewe yapokee kwa till ya biashara, si kwa namba unayotumia kununua unga. Baada ya miezi kadhaa taarifa ya till hiyo inaonyesha mapato yako bila kelele, na mkopeshaji anaisoma haraka kuliko daftari. Kumbuka pia kikomo: tangu 2023 mtu binafsi anaweza kutuma hadi shilingi 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku. Mteja anayekudai uelewe kwamba “imekataa” huenda alijaribu kutuma zaidi ya hapo. Mwambie agawe mara mbili.

Na kama mlikubaliana malipo ni mzigo ukifika, usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mwenzako. Ujumbe wa kutuma pesa huandikwa na yeyote mwenye vidole. Angalia salio kwenye till yako mwenyewe, ukiona pesa imeingia ndipo umpigie dereva afungue kontena.