Kompyuta Zinapoganda Baada ya Kupandishwa Toleo la Linux: Tuliyojifunza Bububu



Katika robo mwaka iliyopita tumeulizwa swali moja na kamati zaidi ya moja: kwa nini kompyuta mpakato iliyokuwa ikifanya kazi vizuri inaanza kuganda mara tu baada ya kupandishwa toleo la Linux, na je, zitengwe fedha za kununua nyingine? Tunajibu hapa kwa kuwa jambo hili lilitufika wenyewe katika ofisi yetu ya Bububu. Kompyuta ya mhasibu iliganda siku tatu kabla ya tarehe ya kutuma taarifa ya fedha. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za vocha zote za robo mwaka, na hatukuwa na nakala mahali pengine. Kosa hilo la nakala lilikuwa letu. Fundi mmoja wa mjini aliitazama kwa dakika kumi akasema mazabodi imekufa, tununue mpya. Haikuwa imekufa.

Linux, kwa wasioifahamu, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hauhitaji kulipia leseni. Hapa kwetu si jambo geni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kamati nyingi zilizopewa kompyuta za zamani hutumia Ubuntu, ambayo hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili. Msaada wa kawaida wa toleo hudumu miaka mitano. Ule wa toleo la 20.04 ulikoma mwaka 2025, na hivyo kupandisha toleo si anasa. Asiyepandisha hubaki bila marekebisho ya usalama.

Sasa, kwa nini igande? Katikati ya Linux kuna sehemu iitwayo keneli, ambayo kazi yake ni kuzungumza na vifaa: skrini, diski, kibodi, betri. Kila kifaa kina mkalimani wake, yaani draiva. Toleo linapopanda, keneli hubadilika na wakalimani hubadilika pamoja nayo. Mkalimani mpya asipoelewana na kifaa cha miaka kumi iliyopita, hasa kile cha kuchorea picha za skrini, kila kitu husimama: kipanya hakisogei na saa haibadiliki. Kifaa ni kizima kabisa. Yaliyovunjika ni maelewano.

Jambo la kwanza ni kujua kama kweli imeganda. Bonyezeni kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, keneli bado iko hai. Kisha bonyezeni Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukitokea ukurasa mweusi wa maandishi unaouliza jina, tatizo liko kwenye sura ya skrini tu, na humo mnaweza kuingia na kunakili kazi zenu. Ikishindikana, msikimbilie kushikilia kitufe cha kuzimia, maana hapo ndipo mafaili huharibika. Shikilieni Alt pamoja na Print Screen, kisha bonyezeni polepole S, halafu U, halafu B. Herufi ya kwanza huamuru kazi iandikwe kwenye diski, ya pili hulinda diski isiandikwe tena, na ya tatu huwasha kompyuta upya.

Inapowaka, shikilieni Shift kwa kompyuta za zamani, au gusagusa Esc kwa zile mpya zaidi, mpaka itokee orodha ya kuwashia. Humo kuna mstari wa chaguo za ziada, na ndani yake keneli ya zamani huwa bado imehifadhiwa. Sisi tuliichagua hiyo. Kompyuta ya mhasibu ikafanya kazi mchana kutwa bila kuganda, tukanakili vocha zote kwenye flashi mbili, na taarifa ikatoka kwa wakati. Wiki chache baadaye marekebisho ya keneli mpya yalikuja, na tangu hapo inawaka nayo bila shida.

Mkitaka ushahidi badala ya kubahatisha, fungueni ukurasa wa amri na mwandike journalctl -b -1 -p err. Amri hii huonyesha makosa yaliyoandikwa tangu kompyuta ilipowashwa mara iliyotangulia hadi ilipoganda. Hata kama hamuelewi yote, mistari ya mwisho ipigeni picha kwa simu. Inamsaidia fundi kuliko maelezo marefu. Aidha, kwa wenye Ubuntu 22.04 au 24.04, kwenye ukurasa wa kuingilia kuna alama ya gurudumu ambapo mnaweza kuchagua Xorg badala ya Wayland. Ni njia mpya na ya zamani ya kuchora skrini, na kompyuta kuukuu mara nyingi huipenda ya zamani.

Kompyuta ya pili, ya skuli ya awali, ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ilikuwa ikiganda kila walipofungua intaneti. Amri ya free -h ilionyesha memori ya GB 2 imejaa yote. Toleo jipya lilikuwa zito kuliko mashine, basi. Tuliweka Xubuntu, ambayo ni nyepesi, na tunatafuta kipande cha memori cha kuongeza. Ya tatu tuliifungua na kukuta feni imezibwa na vumbi. Toleo jipya lilisingiziwa tu.

Tusisahau umeme. Unguja hutegemea waya wa chini ya bahari kutoka bara, na wengi wetu tunaikumbuka giza ya mwaka 2008 na ile iliyoanza Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya uliwekwa mwaka 2013, lakini umeme kukatika kwa saa moja kunatosha kuharibu kazi ya kupandisha toleo ikiwa betri imechoka. Ikiwatokea hivyo, andikeni sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install, na kazi itaendelea ilipokatikia.

Kamati yenye kompyuta inayoganda iilete ofisini Bububu pamoja na chaja yake na flashi tupu. Tunaomba msikubali mtu yeyote afute diski kabla hatujaiona.