Garimoshi Darajani na Hesabu ya Nuru

Mtu wa Mnero, wilayani Nachingwea, atakaye leo kupiga picha ya garimoshi la shehena likivuka mto hana budi kusafiri mbali, kwa kuwa ile njia ya reli iliyofunguliwa mwaka 1949 kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, hadi Nachingwea, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ambao mavuno yake hayakupata kuyashibisha mabehewa, ilifungwa mapema miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Yamkini ataishia kwenye reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, na hasa kwenye daraja la mto Mpanga, lenye kimo cha mita 50 hivi. Huko, akiisha kupata idhini ya wenye reli, atakuta kwamba kazi yake ni ya hesabu kuliko ya bahati.

Tuseme garimoshi laenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Kamera ikipokea nuru kwa sehemu ya mia ya sekunde, behewa limekwisha kusogea sentimita 10. Na kwa aliyesimama mita 50 ubavuni mwa daraja, akiwa na lenzi ya milimita 50, vitu vyote hupungua takriban mara elfu, hata mwendo ule ukawa sehemu ya kumi ya milimita juu ya filamu. Ni kitu kidogo mno, ila picha ikikuzwa, maandishi ya ubavuni mwa behewa huwa ukungu mtupu. Sehemu ya mia tano ya sekunde hulipunguza kosa hilo mara tano. Wako wanaoizungusha kamera sambamba na garimoshi ili libaki wazi, lakini hapo daraja ndilo huvurugika, nami sioni faida ya kwenda mpaka mtoni kuliharibu daraja.

Maji nayo yana kanuni yake. Sura ya majini si nakala ya tuionayo juu, bali ni ile ambayo jicho lingeiona lau lingekuwa chini ya uso wa maji kwa kadiri lilivyo juu yake. Ndiyo sababu tumbo la daraja hudhihirika majini, ilhali behewa, ambalo kwa macho laonekana zima, huko hufichwa na boriti. Fauka ya hayo, maji yatazamwapo wima hurudisha kama asilimia 2 tu ya nuru, na kadiri yatazamwavyo kwa mshazari hurudisha zaidi. Basi aitakaye sura hiyo na ashuke ukingoni, asiyeitaka na apande kilimani. Na kwa kuwa sura ya majini aghalabu huwa na giza kuliko asili yake, nuru na ipimwe kwa garimoshi, wala si kwa maji.