Kununua samaki wabichi Ruziba

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia samaki wa Ziwa Tanganyika wanaouzwa Ruziba, kusini mwa Bujumbura. Ndagala na mukeke huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo wabichi hupatikana asubuhi. Mwezi ukiwa mpevu, taa haziwavuti samaki vizuri. Wanakuwa haba na bei hupanda. Hapo usikubali kuuziwa wa jana. Mukeke mtazame macho: yawe maangavu, yasiwe yamezama. Funua shavu: ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama: isibaki na shimo. Ndagala wabichi hung'aa, matumbo hayajapasuka. Ukiwakosa, nunua waliokauka vizuri, wasio na mchanga. Mama, baba, kumbukeni: samaki aliyeharibika hata akipikwa anaweza kuwaumiza watoto.