Kumwogesha Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu

Katika kata ya Itetemia, kama kwingineko Tabora, wazee wengi hutunzwa nyumbani. Mzee mwenye maradhi ya kusahau akikataa kuoga, tusimhesabu kuwa mkaidi, wala mchawi: ubongo umeugua, na maji yaweza kumtisha, lakini haya ingalimo moyoni. Kwa hiyo aogeshwe na mtu wa jinsia yake, wala si mkwe, maana desturi ya Kinyamwezi huwataka wakwe waepukane kwa heshima. Maji yawe vuguvugu. Aelezwe kila tendo. Afunikwe kanga, aoshwe kiungo kimoja kimoja, kisha akaushwe vizuri mikunjoni mwa ngozi. Akizidi kukataa, aachwe apumzike, wajaribu tena baadaye. Mchungaji anayewazuru aifundishe familia hayo, kwani Amri ya Nne haikomi mzazi anapotusahau.