Mkoba wa Ngozi: Tutazame Mshono na Bitana

Mwezi Julai 2025, mjini Paris, mkoba wa kwanza ambao kampuni ya Hermès ilimtengenezea mwimbaji Jane Birkin uliuzwa mnadani kwa Yuro milioni 8.6. Ulikuwa umechakaa, una mikwaruzo. Fedha hizo zililipia historia, si ngozi, na familia inayodunduliza kwa ajili ya mkoba wa arusi haina budi kuvitenganisha viwili hivyo.

Hermès ilianza mwaka 1837 kwa kushona hatamu na vigwe vya farasi, na mshono wake wa mkono ungali ule ule: uzi mmoja uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika kila tundu. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani hushika; wa mashine huelekea kufumuka. Fundi hodari wa mtaani aweza kuushona vivyo hivyo pasipo nembo yoyote.

Kisha tutazame ukingo uliokatwa. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zake; kitambaa kilichofunikwa utando wa plastiki hujifichua hapo. Harufu tusiiamini, maana hupulizwa.

Lililo zito kwetu ni bitana. Baadhi ya mikoba ya thamani hutiwa bitana ya ngozi ya nguruwe, ambayo vitundu vyake vya nywele hukaa vitatu vitatu, ingawa ikisuguliwa mithili ya mahameli alama hiyo hufifia. Kwa madhehebu ya Shafii, kuidabagha hakuitoharishi. Basi muuzaji na aulizwe waziwazi ni ngozi ya mnyama gani. Asipojua, arudishiwe mkoba wake.